Miche ishirini na tano niliyoiua, na mmoja uliobaki Kibosho

Wakuu habari za muda huu. Naandika nikiwa nyumbani Kibosho, mvua imekata kidogo, na kilichonifanya niandike ni dada mmoja wa Njiro, Arusha, alinitumia picha jana jioni. Mche wake wa ua geni la Afrika Kusini, majani machanga yamegeuka njano, yale ya chini ncha zimeungua kama zimepitiwa na moto, anauliza aweke mbolea gani. Sikuandika jibu, nilimpigia hapo hapo, maana najua ile haraka ya kukimbilia mfuko wa mbolea, nikamwambia dada yangu usiweke kitu, hata kijiko kimoja, subiri kwanza nikueleze. Tuliongea karibu saa nzima. Nilipokata simu nikaona bora niyaandike yote, kwa sababu haya mambo mimi nimeyalipia kwa miche ishirini na tano na miaka yangu kadhaa, na sioni sababu mwingine ayalipie tena.

Mmea wenyewe ni Leucospermum cordifolium. Jina la Kiswahili hauna, ni mgeni huku. Asili yake ni Afrika Kusini, kule chini kabisa kwenye rasi, milima na miteremko ya karibu na bahari kuanzia Kogelberg mpaka Soetanysberg, kwenye vile vichaka vyao vifupi wanavyoviita fynbos, mahali pa upepo wa bahari, mchanga mtupu wenye asidi, na jua kali wakati wa kiangazi. Unakua kichaka cha kama mita moja na nusu, mara nyingine mbili, majani magumu kama ngozi, na ua lake ni donge la rangi ya chungwa upana wa kiganja, limejaa vijiti vyembamba vilivyopinda kama pini zimechomekwa. Makaburu wanauita speldekussing, maana yake kile kimto cha kuchomekea pini cha fundi cherehani. Shikeni hilo la fundi, nitalirudia.

Mimi kabla ya kufungua kitalu changu hapa barabara ya Moshi nilifanya kazi miaka sita kwenye shamba la maua upande wa Arusha, waridi za kwenda nje. Kule nilifundishwa kazi na naishukuru kazi hiyo mpaka leo, ila nilifundishwa kitu kimoja kikaingia mpaka kwenye mifupa, kwamba ua ni chakula. Waridi linalishwa kila siku, mbolea inapita kwenye mabomba ya matone, ukiona jani limepauka unaongeza, ukiona shina jembamba unaongeza. Na hata kabla ya hapo mimi ni mtoto wa kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani kwetu Wachaga, nimekua nabeba ndoo ya samadi kutoka bandani kwenda kwenye migomba kila Jumamosi kabla ya kunywa chai. Kwetu mti ukidhoofika unaulizwa umelishwa lini. Kwa hiyo pande zote mbili, nyumbani na kazini, nilijua jibu moja tu.

Mwaka 2018 mteja wangu mmoja, mama wa Machame ambaye alikaa Cape Town miaka mingi kikazi, akaniletea mbegu sitini. Aliziingiza kihalali kabisa, na kibali na cheti cha afya ya mimea, na hili nalisisitiza kwa wanaotaka kubeba mbegu au vipandikizi kwenye begi la nguo wakirudi safari, tafadhali msifanye hivyo, mnaweza kuleta ugonjwa ukamaliza vitu vya watu. Sa hivi mambo hayo yako chini ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na makao makuu yao yapo hapo hapo Arusha, ulizeni kwanza. Basi akanipa zile mbegu kwenye bahasha, akaniambia kijana wangu, jaribu, ukifanikiwa nami nipate mche wangu mmoja getini.

Mbegu zake ni ndogo za mviringo, zinang'aa, kule kwao zinafananishwa na chawa na kichaka chenyewe wanakiita kwa jina la chawa. Nikapanda ishirini kwenye kitalu mjini mwezi wa pili. Moshi mjini mwezi wa pili mnaijua wenyewe, usiku unalala umefungua dirisha na bado jasho. Nikasubiri mwezi, miwili, mitatu, hakuna hata moja iliyotoka. Nikafukua nikakuta nyingi zimeoza.

Nikampigia yule mama wa Machame, ndipo akaanza kunieleza habari ambayo naipenda mpaka leo. Kule kwao ile mbegu ikidondoka kutoka kwenye ua ina utando laini kwa nje ambao siafu na sisimizi wanaupenda, wanaikokota mpaka shimoni kwao, wanakula ule utando, mbegu yenyewe ngumu inateleza hawawezi kuitafuna wala kuitoa, inabaki chini ya ardhi. Inakaa huko miaka. Panya hawaipati. Kisha moto unapita, maana vile vichaka huungua kila baada ya miaka kadhaa na ndivyo vilivyoumbwa, kichaka mama kinakufa kabisa, majivu, hakichipui tena. Lakini sasa kivuli kimeondoka, udongo unapigwa na jua mchana unapata joto, usiku unapoa sana, na ile tofauti ya joto na baridi ndiyo inaiamsha mbegu, inajua juu kumekuwa weupe, nafasi ipo. Mimi nilikuwa naiotesha mahali ambapo usiku na mchana vinafanana. Ingejuaje?

Mbegu arobaini zilizobaki nikazipeleka nyumbani Kibosho juu mwezi wa sita. Mwezi wa sita na wa saba huku kwetu baridi inauma, ukungu unashuka mpaka saa nne asubuhi. Nikaziloweka kwanza saa ishirini na nne kwenye hydrogen peroxide, ile ya duka la dawa ya kuoshea vidonda ya asilimia 3, nikaizimua na maji mara mbili yake ikawa kama asilimia 1, maana inasaidia hewa ya oksijeni kupita kwenye gamba. Nikasugua ule utando. Nikazimwaga kwenye trei ya mchanga wa mtoni uliooshwa, mchana trei inakaa kwenye jua juu ya bati la banda, usiku naiacha hapo hapo nje. Wiki ya saba nikaona kamoja. Mwisho wa mwezi wa nane nilikuwa na miche ishirini na sita. Nilimwamsha mama usiku kumwonyesha na tochi.

Sasa hapa ndipo pa kuumia. Mwezi wa kumi na moja miche ishirini ilikuwa imefikia kuhamishwa, ile sita ilikuwa midogo mno nikaiacha kwenye trei. Nikachanganya udongo kama nilivyozoea miaka yote, udongo wa msituni, samadi iliyoiva, na kila kiriba nikaweka mbolea ya DAP kidogo ya kupandia, kwa upendo kabisa, nikihesabu kama mtu anayepima dawa ya mtoto. Wiki ya tatu majani machanga yakaanza kupauka. Nikasema njaa. Nikapiga mbolea ya majani, ile 17-17-17 niliyoiyeyusha kwenye pampu. Wiki ya tano ncha zikawa kahawia, kisha jani zima, kisha likadondoka. Nikaongeza. Ndugu zangu, niliongeza. Krismasi ya mwaka huo sikukaa vizuri na watu, kila saa niko kitaluni nainamia viriba. Mpaka katikati ya mwezi wa kwanza yote ishirini ilikuwa imekauka imesimama.

Na wakati huo ile sita nyuma ya jiko, kwenye mchanga mtupu usio na chochote, ambayo nilikuwa hata kuimwagilia nasahau, ilikuwa kijani, imenyooka, majani yanang'aa, midomo ya majani ina vidoti vyekundu vya afya. Nikakaa pale chini kwenye kigoda nikaitazama muda mrefu sana. Huwezi kuona kitu kama kile halafu ukabaki na akili ile ile.

Nikachukua mche mmoja uliokufa na nikachokonoa taratibu pembeni ya mche mmoja mzima wa kwenye trei. Ule mzima, juu juu kabisa, chini kidogo tu ya uso wa mchanga, ulikuwa na mizizi ya ajabu, vishada vyeupe vifupi vimesongamana kama nyuzi za mopu mpya, vinashika chembe za mchanga ukivuta zinakuja nazo. Mche uliokufa haukuwa na vishada hata kimoja, mizizi myeusi michache basi. Nikaja kuelewa baadaye kwamba karibu familia yake yote, Proteaceae, ndivyo ilivyo. Wametoka kwenye udongo maskini mno wa fosforasi, kile kirutubisho kimojawapo cha mimea, kwa hiyo wametengeneza hivyo vishada vinavyotoa asidi ya kukwangua fosforasi kidogo iliyoganda kwenye chembe za mchanga. Ni mizizi ya mtu aliyekulia kwenye dhiki, inachukua kila inachokiona. Haina namna nzuri ya kusema imetosha. Mmea wa mahindi au waridi ukizidisha fosforasi kidogo haujali sana, huu unainywa mpaka inamuua kwenye majani. Na DAP mnajua wenyewe, namba ya katikati kwenye mfuko, ile ya fosforasi, ni 46. Nilikuwa namnywesha sumu kwa kijiko, na alivyozidi kuugua ndivyo nilivyozidi kumnywesha.

Hilo jambo lilinikaa moyoni. Kuna binamu yangu ni mwongoza wageni mlimani, nikamsimulia, akanishangaa kidogo akasema mbona huo mmea una ndugu zake kule juu, wewe si ulibeba mizigo miaka ile hukuwahi kuwaona? Kweli nilibeba mizigo nikiwa na miaka ishirini, ila mpagazi haangalii maua, anaangalia anapokanyaga. Mwezi wa pili 2019 nikalipa kiingilio kama mtu mwingine yeyote nikapanda njia ya Marangu siku moja tu, mpaka Mandara pale mita 2,720, nikasogea mpaka kreta ya Maundi na kuendelea kidogo. Ukitoka kwenye msitu mkubwa wenye ndevu za kuning'inia ghafla miti inafupika, unaingia kwenye Erica, ile miti ya majani madogo madogo kama sindano, na katikati ya nyasi ndefu nikaiona protea yetu, Protea kilimandscharica, vichaka vya majani ya kijivu na maua meupe ya maziwa kama vikombe. Nilikaa pembeni yake nikala chapati yangu. Sikugusa kitu, ile ni hifadhi na kung'oa hata jani ni kosa. Lakini niliangalia. Mteremko, maji hayakai hata dakika. Chini kuna tandiko nene la majani yake yenyewe makavu. Hakuna mtu anayepalilia, hakuna anayechimba karibu na shina. Baridi usiku, jua kali mchana. Nikawaza pia moto, maana kama kule rasi moto ni sehemu ya maisha ya vichaka vile, huku kwetu umezidi kiasi, moto unaoanzishwa na watu umekula misitu mingi ya Erica ya juu, na tuliona wenyewe Oktoba 2020 ule ulioanzia Whona, tuliuangalia usiku kutoka nyumbani mlima unawaka kama mji, na 2022 ukarudi tena upande wa Karanga. Hilo ni andiko lake lingine na linaniuma vyake.

Nikarudi na akili mpya. Nikanyanyua tuta kimo cha goti, mchanga wa mtoni na changarawe nyeusi za volkano nikaziacha zipigwe na mvua kwanza, juu nikatandaza sindano za paini nilizoomba kwa jamaa wa West Kilimanjaro, gunia nne. Samadi hakuna. DAP hakuna. Maji ya mvua tu kutoka batini. Ile sita nikaigawa hivi: mitatu kwenye tuta la nyuma ya nyumba penye upepo kidogo karibu na mparachichi wa zamani, miwili mbele ya nyumba, na mmoja nikampelekea mteja wangu wa kule Maji ya Chai, upande wa Meru, ambaye alikuwa amenisubiri mwaka mzima.

Wa Maji ya Chai ndio wa kwanza kufa. Nilimpa maelekezo yote ya mbolea akayafuata vizuri sana, yule baba ni mwangalifu, lakini sikumwambia habari ya maji kwa sababu mwenyewe sikuwa nimeiwaza. Alikuwa anamwagilia maji ya mto. Maji mengi ya upande wa Meru yana floraidi na magadi, ndiyo yale yanayowatia watoto wa kule meno ya kahawia, na mmea wa udongo wa asidi ukiunyesha maji ya magadi kila jioni unashindwa kuchukua chuma, unageuka njano mishipa ikibaki kijani, unaisha taratibu. Tulipima kwa zile karatasi za rangi, pH, kile kipimo cha asidi na magadi, ilipita 8. Niliomba msamaha na nikamrudishia pesa yake. Watu wa Arusha, Usa, Tengeru, King'ori huko, kwenu hili ndilo la kwanza kabla ya mbolea, vuneni maji ya mvua au msianze.

Sasa habari ya mama.

Mama yangu ni fundi cherehani, amesomesha watoto watano kwa cherehani ya miguu pale kwenye kibaraza. Ile miwili ya mbele ya nyumba ilikuwa mbele ya macho yake kila siku akishona. Na alikuwa anaiona ipo kwenye mchanga na kokoto, mahali ambapo Mchaga hawezi kuweka hata mche wa figiri. Nilikuwa nimemweleza, mama shikamoo, hii miti usiilishe, akaitikia marahaba mwanangu nimesikia. Lakini kusikia na moyo kukubali ni vitu viwili. Mwezi wa tisa mwaka huo nikiwa mjini wiki nzima, nikarudi jioni nikakuta mmoja umewekewa samadi. Na haikuwa samadi ya kutupia tu, alikuwa ameikusanya ile iliyoiva vizuri kabisa ya chini ya lundo, nyeusi, inanukia udongo, ameizungushia kwa mkono duara zuri, amemwagia na maji. Ile ambayo huwa anaiwekea mgomba wa baba, ule alioupanda baba mwaka aliofariki.

Nikasimama pale. Akatoka ndani akaniangalia akasema, baba, mti wako ulikuwa unaniangalia una njaa, nikaona huruma.

Sikumgombeza, ningemgombeza kwa lipi? Mimi mwenyewe nilishaua ishirini kwa huruma ile ile. Niliitoa ile samadi kwa mikono usiku ule ule, nikamwaga maji mengi kuosha, ila nilivyokuwa naitoa nikawa navunja vile vishada vyeupe vya juu, maana vinakaa juu juu hapo hapo kwenye matandazo, na mmea huu mizizi yake ukiisumbua haukusamehi. Baada ya wiki sita ulikuwa umekwisha. Mama aliuangalia ukikauka siku hadi siku akiwa anashona, hakusema neno, ila niliona ameacha kukaa upande ule wa kibaraza. Hiyo iliniuma kuliko mti.

Ile mitatu ya karibu na mparachichi ilikaa vizuri mpaka masika ya 2020. Ile masika ilikuwa kubwa, mvua ya wiki na wiki. Siku moja asubuhi mmoja umenyong'onyea, majani yamepoteza mng'ao yamekuwa kama yamepakwa vumbi, hayajadondoka, yameshikilia tu. Siku ya nne umekufa. Wiki mbili baadaye jirani yake, kisha wa tatu. Nilichimba, mizizi imeoza rangi ya kahawia nyeusi inachubuka ngozi ukiivuta. Nikamwita bwana shamba wetu akaja, akaangalia mizizi kidogo tu, akainua kichwa akaangalia ule mparachichi. Akaniuliza huu umeanza lini kukauka matawi ya juu? Nikamwambia miaka mitatu minne hivi, majani yamekuwa madogo, matunda madogo. Akasema basi, jibu ni hilo.

Phytophthora cinnamomi. Kiumbe kama ukungu kinachoishi kwenye udongo wa maji, mbegu zake zinaogelea kwenye matone, na kinapenda udongo uliolowa wenye joto. Ndicho kinachoozesha mizizi ya parachichi dunia nzima, na ndicho adui mkubwa wa hii familia ya protea pia. Kule rasi mvua yao inakuja majira ya baridi, kiangazi chao ni kikavu, sisi masika yetu udongo bado una uvuguvugu. Na mimi kwa mikono yangu niliiweka mitatu chini ya mti mgonjwa nikidhani naikinga na upepo, wakati upepo ndio ulioutaka, umezoea wa baharini. Tangu siku hiyo jembe la upande wa mparachichi halivuki kuja upande huu, na viatu vyangu vya gambuti nina jozi mbili. Mkinunua mche wa parachichi siku hizi ambapo kila mtu analima Hass, angalieni udongo unaokuja nao, ni hilo hilo.

Ikabaki mmoja. Mbele ya nyumba, pembeni ya pale palipokufa ule wa samadi.

Sikuufanyia kitu. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya kwenye bustani. Kupita asubuhi na mikono mitupu. Nilikuwa naongeza sindano za paini mara mbili kwa mwaka, naondoa magugu kwa kuyakata na mkasi bila kung'oa, na mara moja tu ulipopauka kidogo nilimpa mbolea ya SA nusu kijiko cha chai kwenye ndoo nzima ya maji, kwa sababu ile ina naitrojeni tu na salfa, fosforasi haimo.

Septemba 2021 ukatoa matumba manne. Ua la kwanza lilichukua karibu wiki tatu kufunguka na nililiangalia kila siku. Mwanzoni ni donge la vitanzi, kila kijiti kimejikunja, ncha yake bado imeshikwa ndani ya kichupa cha ua, kimevutika kama upinde. Jua likipanda vinaanza kuachia, kimoja kimoja, unaona kinatikisika halafu kinafyatuka kinanyooka, na kwenye ncha tayari kimejipaka chavua ya manjano. Ua limejitwisha chavua lenyewe linasubiri wa kuja kuibeba. Akaja ndege chozi. Wa kwanza alikuja saa tatu asubuhi, yule wa kijani anayemetameta, akakaa juu kabisa akainamisha mdomo chini kwenye asali, na kila akiinama zile pini zinamgusa kidevu, anaondoka na manjano shingoni. Ndege wa Kibosho ambaye babu zake hawajawahi kuliona ua hili, na alijua pa kukaa.

Mama alikuwa kibarazani. Alikuwa na kile kimto chake cha pini amekifunga mkononi kama saa, kitambaa chekundu cha zamani, kimejaa pini vichwa vimechomoza. Akanyanyuka, akaja mpaka pale, akaweka mkono wake pembeni ya ua. Nilikuwa sijawahi kumwambia maana ya lile jina la Makaburu. Akasema, lo, hili ni ua la fundi. Na ndilo jina lake sasa, wateja wangu wote wanaliita hivyo.

Sa hivi nina miche kumi na minane kitaluni, yote vipandikizi kutoka kwenye ule mmoja, nimeikata kwenye matawi ya msimu yaliyokomaa nusu, nikachovya homoni ya mizizi, nikaweka kwenye mchanga na changarawe. Miezi mitatu kupata mizizi na robo hivi ilikufa, kawaida. Maua nakata machache napeleka kwa dada mmoja anayepamba kumbi, yanakaa kwenye maji wiki mbili mpaka tatu bado yapo, waridi haliwezi. Ukikata usishuke mpaka kwenye mti mkavu usio na majani, acha sehemu yenye majani, pale kwenye mti mtupu haichipui. Na mjue haudumu sana, miaka kama kumi, kwa hiyo anzeni kuandaa vipandikizi mapema. Yule mama wa Machame tayari wake upo getini na anaupitia kila siku.

Dada wa Njiro, naona umeniandikia tena hapa kwamba uliweka samadi ya kuku mwezi uliopita. Hamisha taratibu na donge lake lote kwenda kwenye mchanga safi bila kuvunja mizizi, nyesha maji ya mvua, kisha uuache. Ukipona utapona. Usipopona njoo uchukue mwingine, wa kwako nimeshautenga.

Jana wakati naongea na wewe mama alikuwa anapanda masale, ule mmea wetu Wachaga wa kuwekea mpaka. Nilimwona kupitia dirisha, amekata vipande vinne kutoka kwenye mpaka wetu na jirani, anavichomeka kuzunguka ule mti pembe nne. Nikatoka nikamuuliza mama hiyo ya nini, akasema wajukuu wanakuja likizo na ndoo za samadi watabeba wao, wakiona masale watajua hapa hapapitwi. Kisha akabeba ndoo yake akazunguka kwa nyuma kwenda kwenye mgomba wa baba.